Anti, uwani kwa marehemu baba wanataka pafungwe

Shikamoo Anti,

Naomba usitaje mtaa wetu. Sema Temeke tu, Temeke ni kubwa.

Nina miaka 31, sijaolewa, nina binti mmoja anasoma darasa la pili. Naishi kwenye nyumba aliyotuachia marehemu baba, nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, korido katikati, na nyuma kuna uwani wenye mwembe. Vyumba vitatu wamo wapangaji. Baba alikuwa mpiga gita la besi kwenye bendi ya shirika la umma, enzi zile mashirika yana bendi na mpiga gita anapokea mshahara kama karani. Alifariki 2019. Gita lake ninalo, limening'inia ukutani chumbani kwangu, nyuzi mbili hazipo.

Mwaka 2021 vijana wawili wa mtaani waliniomba wafunge mziki wao uwani, wapige Ijumaa moja tu. Mmoja anapika biti kwenye kompyuta iliyopasuka kioo, mwenzake ni MC wa singeli. Walikuwa wamechoka kuzungushwa. Baa wanaambiwa walete watu wanaokunywa, kumbi zinataka laki tatu kabla hata taa haijawashwa. Nikawaambia njooni. Walikuja watu kumi na tano, nikawakaangia mihogo. Ijumaa iliyofuata walikuwa arobaini. Tangu hapo hatujasimama, ukiacha Ramadhani.

Sasa hivi Ijumaa nzuri wanaingia watu themanini mpaka mia. Kiingilio 2,000. Ukitoa umeme, spika za kukodi, posho ya MC na nauli za wanaotoka Chanika na Kigamboni, kinachobaki hakinunui gunia la mkaa. Pombe siuzi. Anayekuja nayo sijamkagua mfukoni. Lakini Anti, pale uwani nimeona mambo. Kuna binti alikuwa anauza karanga stendi, alishika maiki mara ya kwanza kwangu huku anatetemeka, mwaka jana ameitwa kuimba Kampala. Kuna mzee wa mchiriku alikuwa hajagusa kinanda chake cha Casio miaka mingi, kakifunga kwenye kanga juu ya kabati. Alikuja akapiga, vijana wakamrekodi, wakaiingiza sauti ile kwenye biti zao. Mzee alikaa chini ya mwembe akafuta machozi na kofia.

Machi mwaka huu wakaja watu wanne: afisa biashara, afisa afya, mtendaji mpya wa mtaa na mgambo. Yule mtendaji wa zamani tulikuwa tunaelewana, kahamishwa. Walizunguka kama dakika kumi, wakaniandikia karatasi: sina leseni, sina kibali cha utamaduni, eneo ni la makazi, choo kimoja, sina cheti cha Zimamoto, na kelele. Siku 14. Nilisimamisha wiki mbili, kisha tukaanza tena kimyakimya. Tunatangaza kwenye kundi la WhatsApp saa kumi jioni siku ileile, namba mpya haiingii bila mtu wa kuidhamini, na nje anakaa kijana mwenye filimbi, akiona gari asilolijua anapuliza.

Kilichoniuma si karatasi yao. Afisa afya alipofungua faili niliiona barua ya juu. Ni malalamiko, na jina ni la Bi Mkubwa, jirani yetu wa ukuta mmoja. Anti, huyu ndiye aliyenilea mama alipofariki. Nimekula kwake, nimelala kwake. Kwa nini asingeniita? Ni kweli aliwahi kumtuma mjukuu wake mara mbili kuniita, lakini zote zilikuwa Ijumaa na mimi niko kwenye kufunga mziki, halafu ikapita. Sasa tukikutana dukani namwamkia, anaitikia, yameisha. Naona kanisaliti.

Kaka yangu mkubwa yuko Morogoro. Amezisikia habari, amefurahi. Anasema pafungwe tumpangishe fundi magari, laki mbili kwa mwezi, au nyumba iuzwe tugawane. Mirathi hatujafungua mpaka leo. Mwenzangu anayeshika hela anasema nisijisumbue, tumtafute mtu wa ofisini tumpe elfu hamsini kila mwezi, wote mjini ndivyo wanavyoishi. Kuna na wakala wa kampuni ya kubeti anataka tuhamie kwenye ukumbi wa rafiki yake. Watalipia kila kitu, ila bango lao likae nyuma ya MC na sisi tuvae fulana zao.

Halafu kuna kitu kimoja kidogo. Mwezi uliopita LUKU iliisha katikati ya shoo, giza likatanda, mtu akapiga kelele "polisi!", watu wakakimbilia korido. Binti mmoja alianguka, akakanyagwa, akavunjika mkono. Tulimpakia bodaboda. Hospitali walipouliza tukasema ameteleza bafuni. Gharama nililipa mimi. Hilo lilishaisha.

Anti, nifanyeje pasifungwe? Kurasimisha siwezi, makaratasi yakiingia pale patakuwa ukumbi kama kumbi nyingine, roho yake itatoka. Nikiacha, nitakuwa kama namzika baba mara ya pili.

Wako,
Binti wa Uwani

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka, nikamwona huyo kijana wa filimbi akikodolea macho kila Noah inayokata kona. Mara ya pili nikawaonea wivu, maana ujana wangu uwani tulikuwa tunachambua mchele. Mara ya tatu nilichukua kalamu nikapigia mstari sentensi moja. Nitaifikia.

Umeniuliza namna ya kuwashinda manispaa. Lakini hesabu aya zako mwenyewe. Manispaa wana aya moja. Zilizobaki zina baba yako, Bi Mkubwa, kaka yako, mshika hela, mtu wa kubeti, na binti mmoja asiye na jina. Kwa hiyo nitawasema manispaa kidogo, halafu tuhamie kwa watu.

Hukuonewa peke yako. Mji huu kupiga ngoma bila ruhusa ya mwenye mji ni ugomvi wa zamani, tangu bwana shauri wa Kiingereza anatoa kibali cha ngoma kwa mkono wake. Singeli yenyewe imekulia kwenye vigodoro vya Manzese, Tandale na Mburahati, sherehe za mtaani za mpaka asubuhi, na mara ngapi tumesikia mkuu huyu au yule akipiga marufuku vigodoro? Muziki ni huohuo. Uliitwa wa wahuni, leo mikutano ya kampeni haichangamki bila yake, na vijana wa Mburahati wamepanda ndege kwenda kuupiga Ulaya. Mei 2023 Baraza la Mazingira, NEMC, lilifungia baa na kumbi 89 kwa mpigo kwa sababu ya kelele, na humo walikuwamo wenye leseni zao zimewekwa fremu ukutani. Kwa hiyo usidhani wamekuona wewe ukawauma macho.

Na upande wa pili uone wanachokiona wao. Watu mia kwa 2,000 ni laki mbili kwa usiku mmoja. Wewe unajua zinakoishia. Afisa biashara hajui. Anaona mahali watu wanalipa mlangoni, na kwenye fomu yake hamna kisanduku cha "uwani kwa marehemu baba". Unasema wewe si biashara, mimi nakuamini, lakini jiulize mtu mgeni angeitambulia wapi tofauti hiyo.

Ile karatasi yao ya mambo sita unayo bado? Itoe. Leseni na kibali ni mambo ya makaratasi na hela. Choo ni aibu kidogo, lakini watu mia na choo kimoja, mwanangu, hilo hata bila afisa afya lingetosha kukunyima usingizi. Kelele ni jambo la Bi Mkubwa. Eneo la makazi ni la wapimaji na wapangaji wa mji. Cheti cha Zimamoto ni roho za watu. Wewe umeyafunga yote kwenye kitita kimoja, ukaandika juu "manispaa", ukakitupa uvunguni. Na mimi ningefanya hivyohivyo, lakini nahofia humo uvunguni kuna kitu kinapumua.

Sasa sentensi yangu. "Halafu kuna kitu kimoja kidogo." Nilipofika hapo nilidhani unataka kuniambia habari za hongo. Kumbe ni mkono wa mtu.

Nitakukumbusha jambo ambalo wewe ulikuwa binti mdogo. Sikukuu ya Idd, Oktoba 2008, mjini Tabora, watoto wapatao 20 walikufa kwenye disko toto. Hakukuwa na moto wala bomu. Ukumbi ulijaa, hewa ikaisha, watoto wakabanana. Ndiyo maana mpaka leo sikukuu ikikaribia polisi wanatangaza marufuku ya disko toto, na wazazi wa siku hizi hata hawakumbuki chanzo chake. La pili ni la mbali ila linafanana na lako zaidi. Oakland, jimbo la California, wasanii waligeuza ghala kuwa makazi na mahali pa muziki, wakapaita Ghost Ship. Walikuwa watu kama nyie, waliochoka kodi za kumbi. Kibali cha kufanyia shughuli hawakuwa nacho. Desemba 2, 2016, katikati ya shoo, pakaungua, watu 36 wakafa. Siku chache baadaye miji mingine ya Marekani ilianza kukagua na kufunga sehemu za wasanii, na wengi walitolewa nje na virago vyao wakati hawajaunguza hata kiberiti. Lakini wenye sehemu za namna hiyo nao walianza kufundishana wenyewe kwa wenyewe, wenye kibali na wasio nacho: nyaya zikaeje, vizima moto viwekwe wapi, watu watoke kwa njia ipi.

Sikutajii vifo ili nikutishe ufunge. Nakutajia kwa sababu ya neno moja alilopiga kelele mtu gizani. Hakusema "moto". Alisema "polisi". Kilichomvunja mkono yule binti si LUKU, LUKU inaisha kila nyumba Dar es Salaam. Ni kwamba watu themanini walikuwa wamekaa tayari kukimbia. Hiyo filimbi na hayo masharti ya WhatsApp mmeyaweka kuwalinda, na nahisi ndiyo yaliyowafundisha kukimbilia korido. Halafu hospitali mkasema bafuni. Naelewa sababu. Mngesema amekanyagwa kwenye mkusanyiko, huenda mngeambiwa mkachukue PF3, ile fomu ya matibabu ya polisi, na polisi wangeuliza wapi. Je, siku mtu akidondoka pale na povu mdomoni, mtapiga simu au mtatafuta bodaboda? Moto ukishika kwenye ile ekstensheni ya spika, kuna atakayethubutu kupiga 114?

Kuendelea kwa siri ni njia mojawapo, sikufichi, na watu wengi wameiishi miaka. Lakini bei yake umeshaanza kuilipa, na aliyelipa kwanza si wewe.

Kama mtaendelea, hata kwa Ijumaa mbili wakati unafikiri, chukua futi ya fundi ukapime korido yako. Nyumba hizo nazijua. Korido ina pikipiki ya mpangaji, madumu ya maji, mtungi wa gesi, na watu wawili wakipishana mmoja anageuza ubavu. Hiyo ndiyo njia pekee ya watu mia. Ukutani mwa uwani kuna mlango? Kama hakuna, unaweza kutobolewa wapi? Fikiri kabla hujanijibu, kwa sababu umeshaniambia kilichoko upande wa pili wa ukuta ule. Yuko Bi Mkubwa.

Haya, tuje kwake. Umeandika "kanisaliti". Mistari miwili juu umeandika mwenyewe kwamba alimtuma mjukuu mara mbili. Mjukuu wa bibi wa Kiswahili kutumwa nyumba ya pili saa za jioni si jambo la mzaha, na mara ya pili ni jambo zito. Hukwenda. Mimi sikulaumu, nafahamu kazi ya kufunga mziki, waya mmoja ukikataa usiku wote umeharibika. Lakini kwa upande wake, mtoto aliyemlea aliitwa akapitiliza. Aliyebaki wa kumwendea ni nani, kama si mtendaji?

Na hatujui hata alitaka kusema nini. Labda ni kelele. Labda alitaka kukuonya kwamba kuna watu wanaulizauliza mtaani habari zako. Labda ile barua aliandikiwa akasomewa nusu. Umeliona jina lake, hukuisoma barua.

Nikupe kazi moja, ukiiona haifai iache. Ijumaa ijayo, kama mtapiga, mwachie mwenzako mlango, nenda kwa Bi Mkubwa saa nne usiku ukae naye nusu saa. Usiende kuomba msamaha wala kudai maelezo. Kaa usikilize. Besi haina adabu, haipiti masikioni tu, inapita kwenye ukuta na sakafu, inakuja kugonga vikombe kabatini. Kuna nyimbo ukiwa uwani ni tamu, ukiwa chumba cha pili ni mtu anayetwanga bila kupumzika. Huenda utarudi ukageuza spika zielekee kwingine na kuziinua kutoka chini, kazi ya dakika ishirini. Huenda utarudi ukisema hapana, hapa hapafai kabisa. Sijui. Ila utakuwa umejua jambo ambalo sasa hulijui.

Elfu hamsini ya mwenzako nitaipitia haraka. Atakayeipokea atahamishwa, kama alivyohamishwa yule wa mwanzo, na atakayekuja hatarithi makubaliano yenu, atarithi njaa. Kwenye sheria ya rushwa anayetoa na anayepokea wote wana kosa, kwa hiyo kila mwezi utakuwa unamkabidhi mtu hela pamoja na kamba ya kukufungia. Na hamsini haziweki mlango wa pili ukutani. Kama kuna ambaye ameshakudai waziwazi, TAKUKURU wana namba 113, ya bure. Ila kwenye barua yako sijaona aliyedai. Nimeona mwenzako tu aliyependekeza.

Mtu wa kubeti simpendi, nakiri, kwa hiyo nisikilize kwa tahadhari. Pamoja na hayo amekuja na kitu ambacho wengine hawana: ukumbi wenye milango. Swali langu ni, yule binti wa karanga angeshika maiki pale, anatetemeka, mbele ya bango? Na mwezi wa nne wakiona hamleti wateja wa kubeti, kurudi uwani mtarudije? Zipo njia za katikati. Nafasi Art Space kule Mikocheni ni mfano wa mahali pa wasanii panapoendeshwa waziwazi, na hata kama hutahamia huko, unaweza kwenda kuwauliza wenye uzoefu huo walivuka vipi mambo ya vibali. Najua utaniambia kutoka Temeke mpaka Mikocheni ni daladala mbili na usiku nauli ya kurudi haipo. Ndiyo. Uwani kwako pana thamani kwa sababu watu wanafika kwa miguu, na hicho ndicho kitu cha kwanza kinachopotea mkihama.

Kurasimisha umesema huwezi, roho itatoka. Hapo naomba tubishane kidogo. Baba yako alipiga besi chini ya mhuri wa shirika, kwa mshahara, kwenye kumbi zenye vibali. Roho ilitoka kwenye gita lake? Sisemi makaratasi hayaui. Nimeona vikundi vilivyopata leseni vikaanza kuuza bia ili walipe leseni. Hatari hiyo ipo, na kwa mahali pasipouza pombe ni kubwa zaidi, kwa sababu sheria zetu za kumbi zimekaa kimawazo ya baa. Lakini mimi nasikia jambo lingine chini ya neno "siwezi". Siku hizi leseni inaombwa mtandaoni, kwenye mfumo wa TAUSI, utahitaji namba ya mlipakodi na uthibitisho wa umiliki au mkataba wa pango. Umiliki wa nani? Nyumba ni ya marehemu. Mirathi haijafunguliwa. Ukiligusa jalada la ukumbi umeligusa jalada la baba, na kaka yako atakuja na basi la kwanza kutoka Morogoro.

Nikikosea nisamehe, lakini naona huwaogopi manispaa kama unavyoogopa kikao cha ukoo.

Na kikao hicho kitakuja, uwani pawe na muziki au pawe na fundi magari. Kwa kawaida familia inakaa, inaandika muhtasari, inapendekeza msimamizi, mnakwenda mahakamani na cheti cha kifo. Kwa familia nyingi za kwetu inakuwa Mahakama ya Mwanzo. Ukienda kikaoni na maneno ya "namzika baba mara ya pili", kaka yako atajibu kwa maneno makali kuliko hayo, maana baba ni wake pia. Ukienda na daftari la miaka yote hii, mapato na matumizi, kodi za wale wapangaji watatu zinakwenda wapi, laki mbili za fundi magari zikilinganishwa na nini, mtazungumza lugha moja. Inawezekana ukashindwa. Inawezekana akataka nyumba iuzwe na ndugu wengine wakamuunga mkono. Sitakuficha kwamba kufungua mirathi kunaweza kukupokonya uwani haraka kuliko barua ya siku 14. Kutoifungua nako kunamwacha binti yako wa darasa la pili analala kwenye nyumba isiyo na mwenyewe.

Katikati ya kujificha na kurasimisha kuna uwanja mpana ambao hujautembelea. Mnaweza kupiga mchana: Jumamosi saa tisa alasiri mpaka saa moja na nusu, watu hamsini, wakisikia Isha wameshatawanyika. Singeli ya alasiri haina ladha ile, najua, lakini mzee wako wa mchiriku labda angeipenda. Unaweza kuomba kibali cha shughuli moja moja serikali ya mtaa, kama wanavyofanya wenye harusi na kumtoa mwali, na ukamwendea afisa utamaduni wa manispaa kabla hajakuendea. Hebu angalia kama umegundua kitu: kwenye msafara wa watu wanne, afisa utamaduni hakuwamo. Huenda ndiye pekee mle ofisini ambaye kazi yake kwa maandishi ni kukusaidia. Udhaifu wa njia hii unaujua. Huwezi kuwa na harusi kila Ijumaa, na ukishajitambulisha hujifichi tena. Mkisimama miezi mitatu mnajenga choo cha pili na mlango, vijana watatawanyika, wengine hawatarudi. Kila njia niliyokutajia ina mtu anayepotea.

Usiamue wewe peke yako, hilo ndilo ninaloweza kusema bila kusitasita. Barua nzima umeandika "nifanyeje", lakini mle ndani kuna mpika biti, MC, mshika hela, mzee wa kinanda na watu mia wanaolipa. Wameambiwa kuhusu karatasi ya mambo sita, au wanajua tu kwamba kuna filimbi? Waonyeshe karatasi, waonyeshe korido. Vijana waliobeba spika begani kutoka Tandika wanaweza kubeba na tofali.

Nikuulize la mwisho, maana limenikaa. Yule binti wa mkono hukuniambia kama amerudi uwani tangu siku ile, wala kama wazazi wake wanajua ni wapi alipovunjikia. Umekwenda kumwona? Niandikie.

Anti